Tui Zito Huelea: Mwongozo Kamili wa Kupanga Vimiminika Kwenye Gilasi Visiingiane

"Mafuta yamekataa kukaa chini," aliniambia mama mmoja wa mtaani kwetu Kisauni, gilasi mkononi, mwanawe wa darasa la tano amejificha nyuma ya buibui lake. Ndani ya gilasi mlikuwa na rojo la rangi ya chai ya maziwa, povu juu. Nikamuuliza kwa nini alitaka mafuta yakae chini. Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza kwa nini bahari ina chumvi.

"Mwalimu, si mafuta ni mazito kuliko maji?"

Huyo si wa kwanza. Kila muhula watoto huambiwa walete gilasi yenye vimiminika vya nyumbani vilivyopangana tabaka juu ya tabaka kama mnara, na kila muhula wazazi huniletea rojo. Kosa ni lilelile, nami silaumu akili ya mtu, nalaumu neno. Kiswahili chetu kina neno moja, nzito, kwa mambo mawili. Uji mzito ni ule unaovutika kijikoni, hautaki kumwagika. Gunia zito ni lile linalokuvunja mgongo. Kwenye gilasi, gunia ndilo linaloamua nani akae chini. Uji hauna kauli hapo.

Ukitaka ushahidi, fungua jokofu. Tui la nazi lililolala usiku kucha hujitenga: lile zito, jeupe, lenye mafuta tele hupanda juu, na majimaji hubaki chini. Tui zito ni jepesi. Ukishalikubali hilo, nusu ya kazi imekwisha.

## Vitu vya kuandaa

Usianze kumimina kabla hivi vyote havijafika mezani. Ukikatiza katikati kwenda dukani, tabaka za chini zitakuwa zimeanza kuingiana.

- Gilasi moja ndefu na nyembamba ya kioo, inayoingia kama mililita 300. Gilasi pana huharibu kazi, kwa kuwa tabaka huwa jembamba mno kuonekana. Ukiikosa, kata shingo ya chupa ya maji ya plastiki.
- Asali, mililita 40.
- Shira, mililita 40. Ni ileile ya kaimati: vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji, chemsha mpaka sukari iyeyuke, usitie iliki.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mililita 40.
- Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mililita 40. Maji gani? Nitaeleza, maana hapa Mombasa swali hilo lina uzito wake.
- Mafuta ya kupikia ya maji, ya alizeti au ya mahindi, mililita 40.
- Spiriti, mililita 30. Mtu mzima ndiye aishike.
- Rangi za chakula mbili, nyekundu na buluu.
- Sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano. Duka lolote la dawa unaipata.
- Vijiko vitatu safi na vikavu, kitambaa, na vichupa vinne vyenye vifuniko.
- Mizani ndogo ya jikoni, kama unayo au unaweza kuazima.

Mafuta ya taa usiyaweke kwenye orodha, hata kama umeambiwa. Mafuta ya taa na mafuta ya kupikia huingiana kabisa, na unapata tabaka moja linalonuka badala ya mawili. Petroli usiiguse hata kidogo.

Halafu onyo ambalo sitalirudia: dawa ya kutoa madoa yenye klorini isikaribie kazi hii. Ikikutana na siki, na baadhi ya dawa za kusafishia choo, au na spiriti, hutoa hewa na kemikali za sumu. Kuna watoto ambao, wakishaona vimiminika vimepangwa mezani, huongeza chochote kilicho chini ya sinki.

## Maswali matatu ya kujiuliza juu ya kila kimiminika

La kwanza: kikombe kwa kikombe, kipi kinaelemea? Huo ndio uzito wa gunia. Vitabu vya shule huuita msongamano. Chenye msongamano mkubwa hushuka, chenye mdogo hupanda.

La pili: kinamwagika upesi au polepole? Huo ni mnato, uzito wa uji. Hauamui nani akae juu. Unaamua mambo yaende kwa kasi gani.

La tatu: vikikutana, vinaelewana au havielewani? Hili halihusiani na yale mawili, na ndilo linalochanganya hata walimu.

Molekuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili, na chaji zake hazikugawanyika sawa. Upande wa oksijeni una hasi kidogo, pande za haidrojeni zina chanya kidogo. Basi molekuli za maji hushikana, chanya ya hii ikivuta hasi ya ile. Sukari, siki na spiriti nazo zina mahali pa kushikwa, kwa hiyo hupokelewa na kuingia ndani. Mafuta ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, karibu kote hamna pa kushika. Maji hayayachukii mafuta. Ni kwamba yameshikana yenyewe kwa yenyewe, kama wanawake wa ukoo mmoja waliokwisha kaa mkeka mmoja harusini: hakuna aliyemfukuza mgeni, lakini nafasi haipo.

Kwa hiyo mtoto akisema shuleni "mafuta hayachanganyiki na maji kwa sababu ni mepesi", amekosea. Wepesi unaeleza kwa nini yako *juu*. Hauelezi kwa nini yako *mbali*. Spiriti ni nyepesi kuliko mafuta, na bado inaingia ndani ya maji mpaka huioni.

## Hatua ya 1: Pima uzito kabla ya kuamini mtu

Weka kikombe kidogo juu ya mizani, irudishe sifuri, mimina mililita 100 za kimiminika kimoja, soma. Osha, kausha, rudia. Utapata takriban hivi:

- Asali: gramu 140
- Shira: gramu 130
- Sabuni ya maji: gramu 102 hadi 106
- Maji: gramu 100
- Mafuta ya kupikia: gramu 92
- Spiriti: gramu 80 hadi 89, kutegemea imetiwa maji kiasi gani

Mpangilio wa gilasi ni huohuo, mkubwa chini, mdogo juu. Huna mizani? Fuata orodha, ila sabuni lazima uijaribu, kwa sababu sabuni za kupima zinazouzwa madukani kwa madumu hazilingani. Kuna aliyeitengeneza vizuri na kuna aliyejaza maji. Dondosha tone moja kwenye gilasi ya maji yaliyotulia. Tone zuri hushuka kama uzi mpaka chini, hulala hapo. Likitawanyika likiwa bado juu, sabuni hiyo ni ya kuoshea vyombo tu, tafuta nyingine.

Asali nayo ina udanganyifu wake. Ikiwa mililita 100 zinakupa gramu 130 badala ya 140, ujue umeuziwa shira kwa bei ya asali. Mimi nimewahi kugundua hivyo, nyumbani kwangu mwenyewe, mbele ya wanafunzi.

## Hatua ya 2: Jaribu nani anaelewana na nani

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye elimu. Chukua vichupa vinne, tia vijiko viwili vya kila kimoja, funga, tikisa mara kumi, weka mezani, subiri dakika tano.

Kichupa A, maji na mafuta. Utaona ukungu mweupe wa matone, halafu matone yanakimbiliana, yanaungana, yanapanda. Baada ya dakika chache kuna mstari safi.

Kichupa B, maji na spiriti. Kitu kimoja, hakuna mstari, na hautatokea hata ukisubiri mwezi. Kuna jambo la ajabu hapa: ukipima mililita 50 za maji na mililita 50 za spiriti kali sana, jumla haifiki 100. Inakuja kama 96 au 97. Molekuli zimekaa kwa kubanana zaidi ya zilivyokuwa peke yake. Hakuna kilichomwagika.

Kichupa C, mafuta na spiriti. Yanatengana, spiriti juu. Jihadhari na mafuta ya mbarika: yale huyeyuka ndani ya spiriti, kwa hiyo hayafai kwenye mnara huu.

Kichupa D, maji, mafuta na matone matatu ya sabuni. Tikisa. Huu weupe hauondoki upesi kama wa A. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia huingia kwenye tone la mafuta, kichwa hubaki nje majini, na tone likishavikwa hivyo haliungani tena na mwenzake kirahisi. Ndivyo sinia la biriani linavyosafishika.

Sasa, ukitaka kumnyamazisha yeyote anayeshikilia kwamba kila kitu ni uzito, fanya hili moja la ziada. Changanya vijiko vitatu vya spiriti kali na vijiko viwili vya maji kwenye gilasi ndogo. Kwa sirinji, weka tone kubwa la mafuta katikati. Likizama, ongeza maji kidogo sana. Likielea, ongeza spiriti. Utafika mahali ambapo tone halipandi wala halishuki. Linaning'inia, duara kamili, kama goroli la dhahabu. Uzito wa ndani na wa nje umelingana, hakuna mwepesi tena, na *bado hayaingiani*. Hapo mtoto ameona kwa macho kwamba kuelea ni jambo moja na kutoelewana ni jingine. Mimi hukaa na gilasi hiyo dirishani kwa muda mrefu kuliko inavyopasa mtu mzima.

## Hatua ya 3: Tia rangi

Tia tone moja la nyekundu kwenye shira na tone moja la buluu kwenye maji. Asali, sabuni na mafuta vina rangi zao. Spiriti nyingine huja na rangi yake tayari. Ikiwa nyeupe, iache.

Usijaribu kutia rangi ya chakula kwenye mafuta. Rangi hizi huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta. Ukinyunyiza rangi ya biriani juu ya mafuta, punje huzama nzima nzima bila kuacha alama, kisha zikigusa maji chini hupasuka kama fataki. Inapendeza, na inaharibu tabaka lako la buluu.

Ukitaka mafuta yenye rangi kali, tumia bizari ya manjano: ipashe moto ndani ya mafuta kidogo, chuja, poza kabisa. Rangi ya bizari hupenda mafuta na spiriti, haitaki maji. (Hiyohiyo ndiyo inayogeuka nyekundu unapofua kanzu yenye doa la mchuzi kwa sabuni ya mche. Nguo haijaungua. Bizari ikikutana na kitu chenye alkali hubadilika rangi. Suuza vizuri, anika juani.)

## Hatua ya 4: Poza, na chagua maji

Joto letu ni adui wa kazi hii. Asali ikiwa kwenye chumba cha nyuzijoto 31 ni nyepesi kumwagika, na kimiminika chenye mnato mdogo huingiana upesi na jirani yake. Weka asali, shira na sabuni kwenye jokofu nusu saa. Hapo ndipo uzito wa uji unapokusaidia: haupangi tabaka, unazichelewesha kuharibika.

Kwa hiyo fanya kazi hii asubuhi. Saa nane mchana chini ya mabati ni kujitesa.

Tahadhari moja: usitumie mafuta ya nazi, na ukiyatumia usiyapoze. Huganda karibu na nyuzijoto 24. Hapa kwetu mwaka karibu mzima ni maji, lakini jokofuni, au kwenye ofisi ya mwalimu mkuu yenye kiyoyozi, yatakuwa samli.

Kuhusu maji: tumia ya mfereji au ya chupa, usitumie ya kisima. Visima vingi vya kisiwani na pwani kavu vina chumvi, na chumvi huongeza uzito wa maji. Sabuni na maji zimetofautiana kwa gramu chache tu, sasa ukizidisha uzito wa maji unaiondoa hata hiyo nafasi ndogo, sabuni inakaa katikati haijui iende wapi. Maji ya bahari yanafika gramu 102.5 kwa mililita 100. Nimeona minara miwili ikianguka kwa sababu hii, na wenyewe wakaapa wamefuata maelezo yote.

## Hatua ya 5: Asali, kisha shira

Mimina asali katikati ya gilasi, isiguse kuta. Ikigusa, itaacha utando kwenye kioo ambao hautaondoka, na kila tabaka litakalofuata litaonekana chafu. Subiri dakika mbili ijisawazishe.

Shira iliyopoa imimine kwa mgongo wa kijiko: shika kijiko kikiwa kimeinama, ncha yake ikigusa ukuta wa gilasi karibu na asali, umwagie juu ya mgongo wake. Kijiko huvunja nguvu ya maporomoko. Kimiminika kinachoanguka kwa kasi hupiga shimo kwenye tabaka la chini, na shimo hilo ndilo mwanzo wa rojo.

Umefaulu ukiona mstari wa dhahabu chini na mwekundu juu yake. Mstari hautakuwa mkali kama wembe. Asali na shira zote ni sukari na maji, kwa hiyo zinaelewana kabisa. Kinachozitenga ni uvivu wao.

## Hatua ya 6: Sabuni, kisha maji

Badilisha kijiko. Mimina sabuni polepole sana, isitoe povu. Subiri dakika tano viputo vipande na kupasuka.

Maji sasa. Hapa ndipo minara mingi hufa, na hapa sitaki kijiko, nataka sirinji. Vuta mililita 20, weka ncha kwenye ukuta wa gilasi juu tu ya sabuni, sukuma kwa upole kiasi kwamba maji yateremke kwa kutambaa, yasianguke. Mililita za kwanza tano ndizo za hatari. Zikishatandaza mkeka juu ya sabuni, zinazofuata huanguka juu ya maji wenzao na unaweza kuongeza mwendo kidogo.

Ukiona ukungu wa buluu ukishuka ndani ya sabuni, simama. Subiri dakika tatu. Usikoroge ati "kurekebisha". Mara nyingi hutulia penyewe, na mstari hubaki na ukungu kidogo. Huo si ushinde.

## Hatua ya 7: Mafuta

Hii ni rahisi kuliko zote, na mtu hujiona fundi. Hata ukimwaga mafuta kwa pupa yatarudi juu yenyewe, kwa sababu huu ni mpaka wa kweli.

Kosa moja tu linawezekana: kijiko chenye sabuni. Ukitumia kijiko ulichomiminia sabuni, yale mabaki yatafanya kazi ya kichupa D, na chini ya mafuta utapata utando mweupe wa matone. Ndiyo sababu nilisema vijiko vitatu, na vikavu.

## Hatua ya 8: Spiriti

Zima jiko, ondoa mshumaa, fungua dirisha. Spiriti hushika moto upesi, na ile ya kuwashia au ya kusafishia inaweza kuwa na methanoli, ambayo ikinywewa hupofusha na kuua. Gilasi yenye rangi nzuri mezani inamwita mtoto mdogo kama sharubati. Usiiache bila mtu.

Itumie kwa sirinji, ukutani, polepole kuliko hata maji. Sababu ni hii: spiriti ikipenya tabaka la mafuta na kufika kwenye maji, hairudi. Itaingia majini moja kwa moja, na utabaki unashangaa imepotelea wapi. Ikiwa spiriti yako ni ile iliyotiwa maji ya dukani, gramu 88 au 89, tofauti yake na mafuta ni ndogo, kwa hiyo mkono uwe mwepesi zaidi.

## Mnara uliofaulu unaonekanaje

Kutoka chini: dhahabu, nyekundu, kijani au njano ya sabuni, buluu, njano ya mafuta, na spiriti. Mistari miwili ya juu ni mikali, inang'aa kama kioo ukiinua gilasi usawa wa jicho. Mistari mitatu ya chini ni laini, ina kivuli. Ikiwa tabaka zote sita ziko na kila moja lina zaidi ya nusu ya upana wa kidole, mpige mtoto picha nayo kabla hujasema lolote.

Dondosha kipande kidogo cha barafu. Kitapenya spiriti, kifike kwenye mafuta na kusitasita, kwa sababu barafu na mafuta ya kupikia uzito wao karibu ni mmoja. Kinapoyeyuka, utaona tone la maji likijikusanya chini ya barafu, likivimba, likikatika, likishuka duara ndani ya mafuta mpaka liungane na buluu. Hilo lifanye ukiwa na watu.

## Ukiharibika

Kama mafuta na maji yamepandana, subiri tu, yatatengana. Spiriti ikipotea, imeingia majini. Ongeza nyingine juu. Kama sabuni na maji yameingiana, hakuna dawa: mwaga, osha, anza upya. Kukaza macho hakutarudisha.

Na kama kilichoharibika ni tabaka la sabuni kwa mara ya pili, liache. Weka badala yake maji ya chumvi, vijiko vitano vya mezani vya chumvi kwa lita moja, yenye rangi yake, halafu maji baridi juu yake kwa sirinji. Maji juu ya maji. Mwalimu atauliza maswali zaidi kuliko angeuliza juu ya sabuni.

## Kupeleka shuleni

Mnara haupandi tuktuk. Nimesema hivyo mara nyingi, na bado kila mwaka kuna mtoto anayeshuka na gilasi ya supu baada ya mashimo ya barabara, au baada ya kusukumwa kwenye feri ya Likoni. Beba kila kimiminika ndani ya kichupa chake kilichofungwa, gilasi tupu, vijiko na sirinji, na mtoto aujenge darasani. Spiriti aikabidhi kwa mwalimu mkononi. Atachukua dakika ishirini, na atalazimika kueleza anachofanya, jambo ambalo gilasi iliyojengwa na mama usiku haliwezi kulifanya.

## Neno kwa wapishi

Wengi wanaouliza habari hizi, nyuma ya pazia wanataka kujua kwa nini tui lao hukatika jikoni. Ni somo lilelile. Tui ni matone ya mafuta yaliyotawanyika majini, na protini za nazi ndizo zinazoyavika yasiungane, kama sabuni ilivyofanya kwenye kichupa D, ila kwa nguvu ndogo. Moto mkali huziharibu protini, na ndimu nyingi mapema vilevile. Vazi likivuka, mafuta yanakimbiliana, mchuzi unakuwa na macho ya mafuta juu na punjepunje chini.

Basi tia tui jepesi mwanzo, liive na samaki. Tui zito litie mwisho, moto mdogo, ukikoroga upande mmoja au pande zote (bibi zetu walisisitiza upande mmoja, mimi sijaona tofauti, muhimu usiache kukoroga), na ndimu ikamuliwe chungu kikishatoka motoni.

## Kesho yake

Usiumwage mnara siku hiyohiyo. Uweke juu ya kabati, mbali na watoto na moto, ufunike kwa sahani, uangalie asubuhi. Asali, shira, sabuni na maji vitakuwa vimeanza kupotezana, buluu imeshuka, nyekundu imepanda, mistari ya chini imefifia. Mstari wa mafuta na maji utakuwa palepale, mkali kama jana. Mwulize mtoto ipi ilikuwa mipaka ya kweli na ipi ilikuwa ya kungoja tu, umwache ajibu mwenyewe.

Kisha vuta spiriti na mafuta kwa sirinji, uyatie kwenye chupa kuukuu na kuifunga, uitupe na taka, isikae jikoni karibu na jiko. Mafuta yasiende kwenye sinki, hugandamana na uchafu ndani ya bomba. Kilichobaki, sukari na sabuni, kimwage chooni kwa maji mengi, na gilasi uioshe mara mbili kabla mtu hajaichukua kunywea maji.